Vifungo vya Makochi ya Paulina

Viwanja Sitini,
Ifakara.
Jumapili, baada ya misa ya kwanza.

Kwa dada yangu Wilhelmina,
Mlimba.

Shikamoo, dada. Ninakuandikia nikiwa nimeketi vizuri, na kabla barua hii haijaisha utaelewa kwa nini nimeanza na jambo hilo la kuketi. Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Kikohozi kilichonisumbua wakati wa masika kimekwisha. Je, goti lako linaendeleaje? Deogratias, mleta barua wetu, aliniambia kwamba sasa unafika kanisani kwa mkongojo, na kwamba ukifika unagombana na kwaya kwa sababu ya kuimba polepole. Nilifurahi, kwa maana mtu anayegombana na kwaya hajazidiwa. Uwasalimie wanao na wajukuu wote, na uwaambie kwamba salamu hizi si za kusomewa wakiwa wamelala.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga. Ulisema naam, naam, kisha simu yako ikaisha chaji, kama kawaida yake. Tena jambo lenyewe halifai kusemwa kwa haraka. Wewe ndiye shangazi mkubwa wa Levina. Siku ya utambulisho mahali pako palikuwa kando yake, na ni goti tu lililokuzuia. Mtu aliyekosa kuona anastahili kuelezwa kwa utaratibu, tangu mwanzo.

Unayakumbuka makochi ya marehemu Paulina wangu. Alichagua mbao za mninga yeye mwenyewe kwa seremala, akazigonga kwa vidole moja moja kama mtu anayechagua chungu, na seremala akamwambia kwamba hajapata kuona mteja anayesumbua kiasi hicho. Mbao hizo hazijalegea hata kiungo kimoja. Ubaya ulikuwa kwenye mito. Sponji zilikuwa zimelala, hasa ile ya kochi la dirishani ambako Paulina alizoea kukaa akifuma. Ukikaa ulizama mpaka magoti yakakaribia kidevu. Polikarpo, mwenyekiti wetu wa jumuiya, alisema mbele ya watu kwamba kochi lile ni kama shimo la udongo wa matofali, na kwamba anayeingia humo aage kwanza nyumbani kwake. Marehemu aliyafunika kwa vitambaa alivyofuma kwa mkono wake, nami nikaendelea hivyo hivyo baada yake: kufua, kupiga pasi, kutandika. Vitambaa vilificha hali hiyo machoni. Mwenye kukaa hakufichwa kitu.

Levina alipotuarifu kwamba ndugu wa mchumba wake Barnaba wangekuja kutoka Mchombe kujitambulisha, kaka yake Jofrey alisafiri kutoka Kidatu, akakaa kwenye kochi la dirishani, akazama, na akiwa humo humo alitangaza kwamba wageni hawawezi kupokelewa nyumba hii. Alisema kwake kuna makochi mapya, kuna feni, kuna vigae, na kwamba haya yetu wapewe wachoma matofali. Nilimjibu kwamba binti huombwa katika nyumba aliyolelewa, na kwamba mama yake hakuwahi kuishi Kidatu. Alisema, baba, wageni hawaji kutazama historia, wanakuja kukaa.

Utasema ningemkataza tu, nikiwa baba. Ningeweza. Lakini nilimtazama Levina. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba angependa sana iwe hapa, mahali mama yake alipomsukia nywele, ila hapendi kusikia huko mbele kwamba wakwe walimnyanyua mjomba wao kutoka kwenye kochi letu kwa kumvuta mikono. Amri yangu ingemzuia Jofrey. Isingeondoa haya ya Levina. Kwa hiyo nilikubaliana na mwanangu kama watu wazima wanavyokubaliana: arudi kabla ya siku yenyewe, akae kila kochi. Akiridhika, utambulisho utakuwa Ifakara. Asiporidhika, nitapanda basi kwenda Kidatu kama mgeni katika shughuli ya binti yangu, wala sitasema neno.

Sasa nikueleze kosa langu la kwanza, ili usilisikie kwa Deogratias likiwa limekuzwa. Nilidhani ugonjwa wa mto ni upungufu wa kujaza. Nilikwenda kwenye mashine ya kukoboa mpunga, nikabeba viroba vya pumba kavu, nikajaza mito yote mpaka ikawa migumu na mizuri kutazama. Siku hiyo hiyo jumuiya ilikuwa na zamu ya kusali kwangu. Polikarpo alikaa, akatikisa kichwa kwa kusifu, tukaanza rozari. Nilisahau jambo analolijua kila mtoto wa bonde hili: ndani ya pumba hubaki chenga za mchele, na kuku wetu wote wamelelewa kwa pumba. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Jogoo wa jirani yangu Sada aliingia, akamzunguka Polikarpo, akaanza kudonoa mshono wa mto. Wakafuata matetea. Mwenyekiti aliendelea na Salamu Maria huku akiwafukuza kwa mguu, mpaka mshono ukaachia na pumba zikamwagika sakafuni, na kuku wakasherehekea kama walioitwa kwa kengele. Wanawake walijifunika nyuso kwa khanga. Sada, ambaye si wa dini yetu lakini alikuwa dirishani akimtafuta jogoo wake, alisema kwa sauti kwamba leo hata kuku wamepokea komunyo.

Habari hiyo ilimfikia Jofrey kabla rozari haijaisha. Siku hizi hakuna aibu inayosubiri basi. Alituma ujumbe mfupi kwenye kundi la familia: anafagia sebule yake.

Niliumia, dada, sitakuficha. Nilifagia pumba zote, nikakaa kwenye kigoda na kuyatazama yale makochi matupu. Ndipo nilipokumbuka godoro la mama. Je, unalikumbuka? Lile la sufi, tulilolalia kule Mahenge kabla baba hajahamia huku. Sufi huwa haitulii, hukimbilia pembeni na kuacha katikati pamebonyea. Lakini godoro la mama halikubonyea hata siku moja, kwa sababu alilishona kwa vifundo. Wewe ndiye uliyekuwa ukilala chali chini ya kitanda cha kamba. Mama alichoma shazia, ile sindano ndefu, kutoka juu, wewe ukalipokea chini, ukalipitisha kwenye kipande cha ngozi ya kiatu kuukuu na kumrudishia, naye akavuta mpaka godoro likaingia ndani kama kitovu, kisha akafunga. Mimi nilikatazwa kugusa. Mlisema nitachomwa. Nikabaki kutazama, na sasa naona kwamba kutazama kwangu hakukupotea.

Nikaelewa kwamba mto hautaki kushibishwa tu, unataka kushikwa. Kilichojazwa kisiposhikwa kitakwenda kinakotaka.

Basi nikaanza upya, kwa mpango. Nilifua maganda ya mito, nikayageuza upande ambao haujapauka. Sponji nilizianika, nikazipindua, ule upande uliolaliwa ukawa chini. Juu yake nilitandaza sufi. Miti ya sufi iliyo njiani kuelekea mtoni ilikuwa imekwisha kupasua matunda yake, na mtu anayeokota sufi siku hizi watu humshangaa, maana kila mmoja ananunua godoro dukani. Niliokota hata hivyo. Juu ya sufi nikafunika shuka kuukuu na kulibana kwa mkono kuzunguka sponji, ili sufi isije ikatoka nje ya mshono kama ndevu. Kisha nikavisha ganda.

Hapo nikachukua chaki na rula. Miaka yangu yote ya ualimu ubaoni haikuwa bure. Nilipima mto, nikaweka alama mahali pa kila kifungo, nikahakikisha kwamba mistari inaelekeana kutoka kochi moja hadi jingine, kwa kuwa hakuna kinachoniudhi kama mstari uliopinda unaojifanya umenyooka. Uzi niliupata kwa wavuvi, ule wa nyavu, usiokatika. Kwa kuzuia upande wa chini, badala ya ngozi nilikata vipande vya ndala zilizokwisha. Mama angetumia ndala kama zingekuwepo.

Sada alikuja na kusimama mlangoni. Yeye hushona sare za shule kwa cherehani, barazani kwake, na alitaka kuona kazi ya mikono ya mwalimu. Alicheka mpaka akashika nguzo. Alisema, mwalimu, leo umerudi chekechea. Aliniuliza kama nikimaliza nitamshonea na vitumbua. Nilimwambia kwamba vitumbua havishonwi, akasema, basi nionyeshe ni nini kingine hakishonwi, maana naona mzee hachagui. Hata hivyo aliporudi alikuwa na mfuko wa vifungo vikubwa vya makoti ya mtumba. Hakuna mtu Ifakara anayevaa koti zito, joto lenyewe unalijua, kwa hiyo vifungo hivyo huvirundika tu. Akanipa vyote. Alisema vivalishwe kitambaa, la sivyo mito itafanana na askari wa zamani.

Nilivivalisha kitambaa cha bluu. Nitakueleza habari ya kitambaa hicho kabla sijamaliza. Ninaomba usitangulie kurasa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unachoma shazia chini, kupitia kipande cha ndala, unalitafuta juu kwenye alama ya chaki, unapitia tundu la kifungo, unarudi chini karibu na ulipotokea, kisha unavuta. Hapo ndipo penye siri. Ukivuta kidogo, kifungo kinakaa juu kama kupe. Ukivuta kupita kiasi, mto unakunjamana. Ukivuta sawasawa, sponji inazama pale pale, na pande zote zinazokizunguka kifungo zinanyanyuka na kujaa, kama matuta yanavyojaa baada ya jembe. Kifungo cha kwanza nilikifumua mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nilijichoma vidole. Nilipokosa mtu wa kupokea shazia chini, nilisimamisha mto kwa ubavu na kwenda upande huu na upande ule. Mara mbili nilijikuta nikisema kwa sauti, Wilhelmina, shika.

Jofrey alikuja kama tulivyokubaliana. Aliingia akiwa na ufunguo wa gari mkononi, dalili ya mtu asiyekusudia kukaa. Alikaa kochi la kwanza. Akainuka. Akakaa la pili. Alipofika la dirishani alijishusha taratibu, mkono mmoja ukiwa umeshika mbao, kama mtu anayeingia mto asioujua kina. Hakuzama. Akaweka ufunguo mezani. Aliniuliza ni fundi gani. Nilimwambia aendelee kukaa kwanza. Yeye akajijibu mwenyewe kwamba lazima atakuwa yule wa Morogoro anayesifiwa na wenzake kazini, na akasema kwamba nimefanya vizuri kukubali mambo ya kisasa. Ushindi wangu ulikuwa pale nyumbani pangu, umeketi. Sikuona haja ya kuongeza neno.

Siku ya utambulisho nilitandika vitambaa vya Paulina juu ya mito yote, kama ilivyo desturi ya nyumba hii. Nilikuwa na sababu yangu nyingine, nitaisema. Nilikwenda kuoga, na nilipotoka nilikuta Levina amevitoa vyote, amevikunja, amevirudisha sandukuni. Vifungo vyote vya bluu vilikuwa vinaonekana, kwenye mistari yao iliyonyooka. Hakuniambia kitu, nami kwa mara ya kwanza katika nyumba hii sikudai maelezo.

Wageni walifika wakiwa wamevaa vizuri, wenye heshima. Msemaji wao alikuwa mzee Masalu, baba mkubwa wa Barnaba, Msukuma mrefu mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Wao walikuja bonde hili na ng'ombe, sasa wanalima mpunga kwa trekta. Alikaribishwa kochi la dirishani. Alikaa, akajitikisa kidogo, akapapasa kifungo, akasema kwamba yeye akiingia nyumba ya watu hutazama kwanza mahali wanapomkalisha mgeni, kwa kuwa hapo ndipo watu hujisahau, na kwamba hapa hawakujisahau. Akauliza kazi hii ni ya nani. Kabla sijafungua kinywa, Jofrey alisema kwa fahari kwamba tulileta fundi kutoka Morogoro.

Dada, unanijua. Nimesahihisha makosa ya watu maisha yangu yote, nami nilijua kwamba hili lingepita bila madhara. Wageni wangefurahi, mwanangu angefurahi. Lakini sebule nzima ilikuwa imesimama juu ya kazi ile. Siku hiyo tulikuwa tunawaambia watu sisi ni nani. Nilisimama. Nilisema kwamba mwanangu amekosea bila kukusudia, kwa kuwa sikumwambia. Kwamba hakuna fundi aliyetoka Morogoro. Kwamba mito hii imeshonwa na mimi, Wendelin, kwa mkono, kwa namna niliyoiona kwa mama yangu na dada yangu anayeishi Mlimba. Nikakutaja jina. Kisha nikakaa.

Jofrey alitazama viatu vyake. Mjomba mmoja wa Barnaba alikohoa, nikadhani anakusanya la kusema kuhusu mwanamume na sindano. Mzee Masalu akainuka, akaunyanyua mto, akaugeuza chini juu, akavikagua vile vipande vya ndala na vifundo vyake kimoja kimoja, kama anavyokaguliwa ng'ombe mdomoni. Akaniuliza, mzee mwenzangu, hivi ni ndala? Nikasema ni ndala. Akacheka kile kicheko chake. Akasema kwamba alikuja hapa kuomba jambo moja, sasa ni mawili: binti, na baba wa binti aje Mchombe, kuna kiti cha trekta kimemtesa tangu msimu wa kilimo, na hao wanaojiita mafundi kimewashinda. Hapo nyumba nzima ikacheka, hata yule mjomba. Sada, aliyekuwa jikoni akisimamia pilau, alipaza sauti kwamba foleni ianzie kwake.

Levina alipoitwa na kuulizwa kama anawafahamu wageni hawa, aliketi kwenye kochi la mama yake, ambalo mzee Masalu alimwachia, na kando yake tulipaacha mahali pako wazi. Nilimuuliza kama ilivyo ada. Alikuwa ameinamisha kichwa, kidole chake kikizunguka juu ya kifungo kimoja, polepole. Kisha akainua uso na kusema kwamba anawafahamu, na kwamba wapokelewe. Alisema kwa sauti ya mama yake, ile isiyohitaji kurudiwa.

Basi yamekwisha kama nilivyotaka: binti yetu ameombwa nyumbani kwake. Jofrey alilala hapa siku ile. Asubuhi nilimkuta amepiga magoti, anatazama mto kwa chini. Aliniuliza uzi unarudije bila kuvuta kitambaa, nikamwonyesha. Alipoondoka kwenda Kidatu, shazia langu moja halikuonekana. Sikumuuliza.

Sasa habari ya kitambaa. Tulipogawana nguo za Paulina baada ya msiba, ulinituma nikutafutie kitenge chake cha pili cha Wawata, sare ya umoja wa wanawake Wakatoliki. Cha kwanza alizikwa nacho. Nilikwambia bado natafuta. Kilikuwa chini ya mto wangu wa kulalia, dada, na kilikaa hapo tangu siku hiyo. Nilipohitaji kitambaa cha vifungo nilipita madukani, nikashika hiki, nikashika kile, na kila kimoja kilikuwa kitambaa tu. Nikarudi nyumbani, nikachukua mkasi. Vifungo vyote vya makochi yale vimevaa kitenge cha mke wangu. Ndiyo maana nilitandika vitambaa juu yake: niliogopa wenzake wa Wawata wangekitambua na kuuliza kwa nini mzee amekata sare ya marehemu. Levina alikitambua kabla yao wote, akafanya alivyofanya. Alitaka mama yake aonekane katika shughuli ile. Vitambaa bado viko sandukuni, wala sijaomba virudishwe.

Siombi radhi kwa kukikata, na ningekikata tena. Lakini nataka ujue kwamba nilikata ile bluu tupu ya pembeni peke yake. Sikuweza kuruhusu mtu yeyote, hata mzee Masalu, aketi juu ya picha ya Mama Bikira Maria. Sehemu hiyo ya katikati ni nzima, pamoja na pindo alilolishona Paulina mwenyewe. Nimeipiga pasi na kuikunja. Deogratias atakukabidhi pamoja na barua hii. Ni yako, kama ulivyoomba.

Goti likiruhusu, njoo kabla ya harusi. Mahali pako pana kifungo kimoja ambacho nimekiacha bila kufunga. Nilijaribu, lakini hicho kinataka mtu wa kupokea shazia kwa chini, na safari hii nitakuwekea mkeka.

Levina anakusalimu, anasema shikamoo shangazi. Sada anakusalimu, na jogoo wake bado yu hai. Polikarpo naye anakusalimu, akiwa amekaa sawasawa. Mungu akutunze wewe na wote walio chini ya paa lako.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Wendelin